Barua ya wazi kwa wasimamizi wa biashara na viwango Zanzibar: mtajeni aliyeleta bidhaa mbovu, msiishie kuilaumu China

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Biashara na Maendeleo ya Viwanda, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar,
Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Viwango Zanzibar,
Kwa wasimamizi wa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara,

Assalamu alaykum.

Waheshimiwa, mimi ni fundi wa umeme wa majumbani, mkaazi wa Chake Chake, na kazi yangu hunipitisha katika nyumba za watu wa kila hali, kuanzia Konde hadi Mkoani. Nawaandikia kuhusu jambo linalosemwa barazani, madukani, redioni na hata katika mikutano ya viongozi bila ya mtu kulihoji, nalo ni kwamba kitu kikiharibika mapema, inatosha kusema kuwa kimetoka China na mazungumzo yakaishia hapo. Hukumu hii imezoeleka mpaka imechukua nafasi ya uchunguzi. Si ya haki kwa Wachina, na hilo nitalieleza, lakini linalonisukuma hasa kuandika ni kuwa inawaumiza wanunuzi wa visiwa hivi wenyewe, kwa sababu inamkinga mfanyabiashara aliyeleta kitu kibovu na inawapunguzia waliopewa dhamana wajibu wa kumtafuta.

Waya wa umeme ndio mfano ninaoujua vizuri zaidi, na niruhusuni niueleze kwa urefu. Nyumba ya kawaida hutandazwa waya wa milimita mraba 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi, na waya huo unatakiwa uwe wa shaba tupu. Madukani kwetu huuzwa pia waya ambao kwa nje unafanana na huo kabisa, tena umeandikwa 2.5 kwenye ganda lake, lakini ukiukwangua kwa kisu unakutana na weupe wa alumini chini ya ngozi nyembamba ya shaba. Alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 61 hivi ya uwezo wa shaba, kwa hiyo waya wa unene uleule ukibebeshwa pasi, friji na birika la umeme hupata joto kuliko ilivyokusudiwa. Ganda lake hulainika, na pale ulipobanwa kwa skrubu hulegea kidogo kidogo mpaka cheche zinaanza. Kuna na ule ambao ni shaba kweli lakini umepunjwa unene, na kuna roli zilizoandikwa mita 100 ambazo ukizipima hazifiki. Dini yetu imewaonya vikali wapunjao vipimo, na sheria za nchi nazo hazikunyamaza.

Niliwahi kuitwa katika nyumba ya bi mkubwa mmoja mjane, soketi ya jikoni imeungua na ukuta umeingia weusi hadi karibu na dari. Nilipomwonesha waya ulivyo ndani alitikisa kichwa akaniambia, "Ndo vya Mchina hivyo, mwanangu, tufanyeje?" Nikamuuliza amenunua wapi, akanitajia duka, tena la karibu. Nikamuuliza kama amekwenda kudai haki yake, akanitazama kwa mshangao, kwani katika fikra zake aliyemkosea yuko China na hana njia ya kumfikia. Muuza duka hakuwamo kabisa katika hesabu zake, wala aliyemuuzia muuza duka kwa jumla, wala aliyelipokea kontena bandarini.

Hapa ndipo ninapoomba mnisikilize kwa makini. Mtu aliyeagiza waya ule ana jina, ana leseni ya biashara, ana namba ya mlipakodi, na jina lake limo katika hati za shehena zilizopita mikononi mwa maofisa wa serikali. Alipokuwa akiagiza alijua anachoagiza, maana tofauti ya bei kati ya shaba na alumini ni kubwa mno kwa mfanyabiashara kutoiona. Lakini siku nyumba inapoungua, jina lake halitajwi na mtu yeyote. Linatajwa jina la taifa lenye watu zaidi ya bilioni 1.4, ambalo haliwezi kushitakiwa mbele ya mahakama ya Chake wala kurejesha fedha za mjane.

Wafanyabiashara wetu waliokwenda miji ya Guangzhou na Yiwu kule China wanajua namna mambo yanavyokwenda huko. Mnunuzi hupewa daraja tofauti za kitu kimoja, kila daraja na bei yake, na mwenye kiwanda yuko tayari kupunguza malighafi kadiri mteja anavyotaka bei ipungue, na kubandika nembo ambayo mteja ameiomba. China yenyewe haikuwaacha wananchi wake mikononi mwa utaratibu huo. Tangu mwaka 2002 imeweka alama ya lazima iitwayo CCC, na waya, swichi, soketi na vifaa vingi vya umeme wa majumbani haviruhusiwi kuuzwa ndani ya nchi hiyo bila ya kuwa nayo. Bidhaa zinazotengenezwa kwa ajili ya kusafirishwa nje tu hazilazimiki kuwa na alama hiyo, kwa kuwa inachukuliwa kwamba nchi inayozipokea ina masharti yake na itayasimamia. Maana yake, Waheshimiwa, ni kuwa ubora wa kitu cha Kichina kinachotufikia Zanzibar huamuliwa kwa sehemu kubwa na mambo mawili yaliyo kwetu: muagizaji wetu alikubali kulipa bei gani, na mkaguzi wetu alikubali kupitisha kitu gani.

Ushahidi kwamba nchi ya asili si kipimo tuliupata sote mwezi wa Juni mwaka 2016, pale Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozima simu bandia. Haikuangaliwa simu imetoka wapi. Iliangaliwa namba ya utambulisho wa kifaa, ambayo kila mwananchi aliweza kuitazama mwenyewe kwa kubonyeza *#06#. Zikazimika simu zilizokuwa na majina makubwa ya Ulaya na Korea yaliyobandikwa juu ya vifaa vya kughushi, na zikaendelea kufanya kazi simu za Tecno na itel, ambazo kampuni yake mama ni ya Shenzhen na haijawahi kuficha kuwa ni ya Kichina. Mwenye simu aliyejisifu kwa jina la kifaa chake akabaki na kipande cha plastiki, na jirani yake aliyechekwa kwa kutumia "simu ya Mchina" akaendelea kupiga. Kipimo kilikuwa kimoja kwa wote, kilikuwa wazi, na mwananchi alipewa njia ya kukitumia. Sielewi kwa nini tusidai vivyo hivyo kwa waya, swichi na betri.

Wala dharau hii si ya asili yetu. Wazee wa pwani hii waliopata uwezo walipanga sahani na bakuli za Kichina katika zidaka za kumbi zao ili mgeni azione, na makaburi ya nguzo ya Waswahili yalijengewa bakuli hizo kwa heshima ya marehemu. Makunduchi, katika eneo la Kajengwa, ilichimbuliwa mwaka 1945 akiba ya sarafu za Kichina za karne nyingi zilizopita. Wazee wale hawakuwa wajinga kuliko sisi; walipokea kilichokuwa bora kutoka China kwa sababu wao walitaka kilichokuwa bora na waliokileta walijua hakitanunuliwa kama kina kasoro.

Na mataifa ambayo leo tunayasifu yalipita hapo hapo. Uingereza ilipotunga sheria ya mwaka 1887 ya kulazimisha bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka, sehemu kubwa ya kusudio ilikuwa kumtahadharisha mnunuzi na bidhaa za Ujerumani, ambazo zilionekana ni za bei ndogo na za kuiga. Mjerumani mwenyewe, mhandisi Franz Reuleaux, alipokuwa katika maonesho ya Philadelphia ya mwaka 1876, aliwaandikia wenzake kwamba bidhaa zao ni rahisi na mbaya. Japani nayo baada ya vita ilijulikana kwa vitu vya kuvunjika haraka, mpaka ilipoanza kusimamia ubora kwa takwimu, ikimwalika mtaalamu wa takwimu, Deming, kutoka Marekani mwaka 1950 kuwafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda. Kilichobadilika katika nchi hizo ni usimamizi na madai ya wanunuzi. Wajapani ni walewale.

Upande wa pili wa chuki ni mapenzi ya upofu, na haya yanatugharimu vilevile. Watu wetu, na hata ndugu zetu wa Tanzania Bara wanaovuka bahari kuja kununua, wanaamini kuwa friji ya mtumba kutoka Ulaya ni bora kuliko mpya iliyotengenezwa China, bila ya kuuliza imetumika miaka mingapi, inakula umeme kiasi gani kwa siku, wala gesi iliyomo ni ya aina gani. Mimi huzikuta nyumbani kwa watu zikitetemesha nyumba nzima, mwenye nyumba akilalamikia bili ya umeme na huku akiisifu friji. Zikifa, nyingi huishia jaani, na Unguja tunajua jaa la Kibele limeshabeba mzigo kiasi gani.

Gari ndiyo habari nzito zaidi, na nashangaa kwamba hapa kwetu haizungumzwi. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko ya hewa ya usalama iliyofungwa katika magari ya Toyota, Honda, Nissan na mengine mengi. Kemikali ya kuijazia, ammonia naitreti, huharibika ikikaa miaka katika joto na unyevunyevu, na gari likigonga, kikopo cha chuma chenye kemikali hiyo huweza kupasuka na kumrushia dereva vipande vya chuma. Watu zaidi ya 20 wamekufa duniani, vikopo takriban milioni 100 vikaitwa virudishwe, na kampuni ikafilisika mwaka 2017. Joto na unyevunyevu wa miaka ndiyo hali ya hewa ya Unguja na Pemba, na magari ya mtumba ya Kijapani ndiyo yaliyojaa barabara zetu. Hata hivyo sijasikia mtu akisema kwamba vya Mjapani havifai, na ni sawa asiseme, kwa sababu kosa lilikuwa la kampuni moja inayojulikana kwa jina. Ninachoomba ni insafu hiyohiyo kwa mataifa yote, pamoja na kazi ya kukagua namba za chasi za magari yanayoshushwa bandarini, maana kulisifu taifa hakumkingi dereva.

Sisemi hata kidogo kwamba viwanda vya China havina makosa. Mwaka 2008 maziwa ya unga ya watoto yalichanganywa na kemikali ya viwandani iitwayo melamini nchini humo ili yaonekane yana protini nyingi. Watoto 6 wakafariki na karibu 300,000 wakaugua. Wote hao walikuwa watoto wa Kichina. Katika kadhia ile Wachina hawakuridhika kuambiwa kwamba vitu vyao ndivyo vilivyo. Ilitajwa kampuni ya Sanlu kwa jina, ikafilisika, wakubwa wake wakafungwa, na watu wawili waliohusika na uchanganyaji na uuzaji wakauawa kwa hukumu ya mahakama mwaka 2009. Sitaki kuzungumzia ukali wa adhabu. Nazungumzia kwamba wenye makosa walikuwa watu wenye majina.

Kuhusu Wachina kama watu, nitasema machache kwa sababu sidhani kama kuna mwenye haja ya kuelimishwa sana. Madaktari wao wamekuwa wakija Zanzibar tangu 1964, na hapa Pemba tunawakuta Mkoani katika Hospitali ya Abdulla Mzee, iliyojengwa upya kwa msaada wa nchi yao na kufunguliwa mwaka 2016. Dawa mseto ya malaria tuliyoanza kuitumia Zanzibar mwaka 2003, ambayo pamoja na vyandarua na upigaji dawa majumbani imeteremsha malaria chini ya asilimia moja, asili yake ni utafiti wa mwanasayansi wa Kichina, Tu Youyou, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuigundua artemisinini. Mzazi ambaye mwanawe ameponywa kwa dawa hiyo hana sababu ya kumfundisha mtoto huyohuyo kuwazomea Wachina wanapopita Mji Mkongwe. Inasikitisha kwamba watoto wanafanya hivyo, na inasikitisha zaidi kwamba wakubwa waliopo hucheka.

Sisi Wapemba tunajua kuhukumu bidhaa bila ya kuhukumu watu, kwa sababu tumelelewa na karafuu. Mkulima akipeleka karafuu zake kwenye kituo cha Shirika la Biashara la Taifa, mpokeaji hatazami anatoka Mtambile au Micheweni. Anatumbukiza mkono ndani ya gunia, anaangalia ukavu, anaangalia makonyo na mpeta, yaani vikonyo na karafuu zisizo nzuri, kisha anatoa daraja la gunia lile, na mwenye gunia anasimama hapo hapo kusikia daraja lake. Lau mkaguzi mmoja angeandika kuwa karafuu za Micheweni zote ni mbichi, tungeandamana.

Basi naomba yafuatayo. La kwanza, na kwangu ndilo kubwa, ni kuwa kila mnapokamata au kuteketeza bidhaa mbovu mtangaze jina la muagizaji, nembo iliyobandikwa, namba ya toleo na maduka ya jumla yaliyopokea mzigo huo. Tangazo linalotaja tani na nchi ya asili peke yake halimsaidii mnunuzi kwa lolote. Hajui arejeshe nini wala asinunue kwa nani. Sheria Namba 1 ya mwaka 2011 iliyoanzisha Taasisi ya Viwango haikuanzishwa kwa ajili ya kuripoti mambo ya China, bali kumhudumia mnunuzi wa hapa. Kama kuna hofu ya kumharibia mtu biashara kabla ya haki kuthibitika, subirini majibu ya maabara na mumpe nafasi ya kujitetea, lakini baada ya hapo mtajeni.

Pamoja na hilo, kila kifaa cha umeme kiwe na karatasi ya Kiswahili yenye jina na simu ya muagizaji, na muuzaji asiyetoa risiti achukuliwe hatua. Mjane niliyemtaja hapo juu hakuwa na risiti, na hata kama angekubali kwenda kudai, angeanzia wapi?

Kwa waya, kipimo hakihitaji maabara kubwa wala kusubiri sampuli zivuke bahari kwenda Unguja. Kiwango cha kimataifa kinataka waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 usizidi ukinzani, yaani kiasi waya unavyouzuia umeme kupita, wa ohm 7.41 kwa kila kilomita katika nyuzi joto 20, na wa 1.5 usizidi 12.1. Roli la mita 100 la waya wa 2.5 lisilozidi ohm 0.741 limepita, likizidi sana, ama si shaba tupu, ama limepunjwa unene. Kifaa cha kupimia ukinzani mdogo kinabebeka mkononi, na pamoja na mizani, maana shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko alumini kwa ujazo uleule, na utepe wa kupimia urefu, mkaguzi anaweza kulikagua duka zima la Wete kwa asubuhi moja. Mafundi tuko tayari kufundishwa na kusaidia, bila ya malipo, maana sisi ndio tunaoitwa ukuta ukishaungua.

Na nawaomba nyinyi viongozi, mnapozungumza na wananchi kuhusu bidhaa hafifu, msitumie jina la taifa kama sababu. Semeni waya huu si shaba, betri hii haina uwezo ulioandikwa, muagizaji ni fulani, na hatua iliyochukuliwa ni hii. Wananchi watawaiga, barazani kwetu mazungumzo mengi huanza na yaliyosikika redioni.

Makontena ya bidhaa za sikukuu huanza kuingia kabla ya Ramadhani, na ndani yake huwamo taa za mapambo, kebo za ekstensheni na roli za waya kwa wale wanaomalizia nyumba wapate kuhamia kabla ya Idd. Kama haya yote hayawezekani kwa mara moja, anzeni na waya, katika maduka ya jumla ya Chake, Wete, Mkoani, Darajani na Mwanakwerekwe, kabla ya mizigo hiyo kusambazwa, na majibu yabandikwe kwenye ofisi za masheha ambapo kila mtu anaweza kuyasoma.

Wenu katika kulitumikia taifa,

Fundi umeme,
Chake Chake, Pemba